Nilishuhudia Gari la Maji, Leo Nimekuja Kuufuta Ushuhuda Wangu

Bwana asifiwe! Asifiwe na ninyi wa viti vya mbele, asifiwe na ninyi mlioegemea ukuta kule nyuma kwa sababu mmechelewa kama kawaida yenu. Mimi ni mama Nyangeta, natoka Bukima, kule mwaloni mitumbwi ya samaki inakotia nanga. Wengi mnanikumbuka. Mimi ndiye yule mama wa gari la maji.

Naona mmeanza kupiga makofi. Ngojeni kwanza, msipige. Leo sikuja kuongeza, nimekuja kupunguza. Mbele ya madhabahu hii hii, kwenye ile semina ya familia hapa Musoma, nilisimama nikawaambia kwamba gari langu linatembea kwa maji. Ndugu zangu, halikuwa linatembea kwa maji. Hakuna gari linalotembea kwa maji, si langu wala la mtu mwingine yeyote. Nitawaeleza kwa nini, na nitawaeleza jinsi Mungu alivyoniokoa na ushuhuda wangu mwenyewe kabla haujamfilisi ndugu yangu wa tumbo moja.

Ndiyo, mmesikia sawasawa. Kuna watu Mungu amewaokoa na pombe, wengine na bangi. Mimi ameniokoa na ushuhuda. Na niliutoa kwa sauti kubwa, kwa machozi, na mkaniitikia haleluya mpaka mabati yakatetemeka!

Nianze mwanzo. Mimi nimezaliwa upande wa Butiama, kwa wakulima na wafugaji, nikaolewa Bukima kwa wavuvi. Mume wangu alipofariki aliniachia watoto wanne na pikapu moja kuukuu. Shemeji zangu walitaka niiuze. Nikasema siuzi, nitaiendesha. Wakacheka. Nikajifunza kwenye kiwanja cha mpira cha shule, nikagonga goli mara mbili, mara ya tatu nikalipita pembeni. Tangu hapo akina mama wanaonunua dagaa mwaloni hunipakilia magunia yao, nami nayapeleka sokoni Musoma. Kazi hiyo ndiyo imesomesha wanangu, na ninaipenda.

Lakini petroli, jamani! Dereva yeyote hapa ananielewa. Unaamka unaiwaza petroli, unalala unaiwaza petroli. Nilikuwaga naomba kwa ajili yake kuliko nilivyoomba kwa ajili ya roho yangu. Na ninawaambia wazi, mtu anayeomba kitu kimoja kila siku, siku moja atakutana na mtu anayekiuza.

Mimi nilikutana naye hapa mjini, Iringo. Alikuwa amepanga kibanda nyuma ya maduka, watu wakamwita Injinia. Jina lake jingine silijui mpaka leo. Kijana msafi, kalamu mbili mfukoni, anaongea polepole kama daktari. Alikuwa na chupa nene ya plastiki, ndani yake vibati viwili vya chuma visivyoshika kutu, na nyaya mbili zimetoka juu. Akamimina maji. Akaweka kijiko cha magadi, haya haya ya kupikia. Akaunganisha zile nyaya kwenye betri. Maji yakaanza kutoa mapovu kama yanachemka, na wala hayakuwa na moto. Akayachukua yale mapovu kwa mpira, akayapitisha kwenye bakuli la maji ya sabuni, likafura povu. Akawasha kiberiti.

Paa!

Niliruka nikamkanyaga mtu aliyekuwa nyuma yangu. Injinia akatabasamu. Akasema, "Mama, hii ndio petroli mnayoogaga kila siku. Nyie watu wa Bukima mmekalia kisima cha mafuta, halafu mnakivulia sangara!"

Ndugu zangu, ule mlio niliusikia kwa masikio yangu, na moto niliuona kwa macho yangu. Hapo hakunidanganya. Ndiyo maana nasema msiwacheke watu walioamini. Alichotuonyesha kilikuwa kweli, ila alituonyesha nusu. Nusu ya pili sikuiuliza, kwa sababu nilichotaka kusikia nilikuwa nimeshakisikia.

Akatuambia kwamba chupa hiyo inafungwa karibu na injini, inavuta umeme wa betri, inayapasua maji, hewa yake inaingia kwenye injini, gari linakwenda. Petroli ni ya kuwashia tu, gari likishapata moto maji yanachukua kazi. Mzee mmoja akauliza kwa nini basi magari yanayotoka viwandani hayana chupa hiyo. Injinia akashusha sauti, akasema wenye visima vya mafuta wanaificha siri, wametishia watu. Sote tukatikisa vichwa. Tukajiona wateule, tumepewa siri iliyofichwa na wakubwa wa dunia, nyuma ya maduka ya Iringo!

Nikafungiwa chupa. Nikarudi Bukima nikiimba.

Sasa sikilizeni hapa, kwa sababu hapa ndipo mimi, mwanamke wa mwaloni, nilipofanya ujinga ambao mtu wa Dodoma, asiye na ziwa, asingeweza kuufanya. Wiki ile petroli niliyoweka haikwisha. Wiki ya pili ikaja, bado ipo! Nilikuwa nachungulia mshale wa petroli kwenye dashibodi kama mtu anayechungulia mtoto mchanga amelala. Nikapiga magoti pale pale pembeni ya gari, nikalia, nikasema Bwana umeniona mjane wako. Na Jumapili iliyofuata ikawa ndiyo ile semina. Mnakumbuka nilivyosema? Nilisema, "Yeye aliyegeuza maji kuwa divai kule Kana, atashindwa kuyageuza kuwa petroli kule Bukima?" Mlisimama wote! Mchungaji mwenyewe aliruka!

Nisamehe, Mchungaji. Najua uliruka kwa imani.

Katika benchi la tatu upande huu alikaa mdogo wangu Magesa, mtoto wa mwisho wa mama yetu. Yeye alibaki nyumbani Butiama kulima shamba la baba. Ana mke, ana watoto sita, na alikuwa na maksai wawili, mmoja anaitwa Chapa, mwingine Soda kwa ile rangi yake. Udongo wa kwetu kule bondeni ni mzito, mnaujua. Mvua ikinyesha unanata, jua likiwaka unakuwa tofali. Kwa jembe la mkono utalima kipande cha kupandia mboga tu. Chapa na Soda ndio waliokuwa wakilisha ile nyumba, watu wanane, kila mwaka. Magesa aliwafunza kulima mwenyewe tangu wakiwa ndama.

Baada ya ibada alinishika mkono pale nje, macho yanang'aa. "Dada, mimi nimechoka kufuata mikia ya ng'ombe. Na mimi natafuta pikapu kama yako, nafunga chupa, nabebea watu mihogo. Maji hata kwetu yapo." Na mimi, badala ya kumwambia subiri, nilimkumbatia. Nilimwambia, "Fanya hivyo, mdogo wangu. Mungu si wa Bukima tu!"

Maneno hayo nimeyatubu mara nyingi kuliko dhambi nyingine yoyote.

Basi, siku zikapita na mbalamwezi ikaisha, giza likaingia. Ninyi wa kando ya ziwa mmeshaanza kucheka, mmeshanishika. Wacha niwaeleze wa Butiama na wa Bunda wasiojua. Dagaa huvuliwa wakati wa giza, usiku usio na mwezi, ndipo wanazifuata taa za wavuvi. Mwezi ukiwa mkubwa wavuvi hawaendi, wanashona nyavu, wanalala. Na wasipovua wao, mimi sina mzigo. Naenda Musoma mara moja moja, gari jepesi, nimebeba mihogo kidogo na bibi mmoja anayekwenda kumwona mjukuu wake.

Ile chupa niliifunga lini? Mwezi ulipoanza kukua! Petroli ilidumu kwa sababu gari lilikuwa limelala na wavuvi! Mimi niliyehesabu siku za giza na za mbalamwezi maisha yangu yote ya ndoa, nilisahau kuutazama mwezi. Nilihesabu majuma, sikuhesabu safari wala magunia.

Lakini hilo sikuligundua mara moja. Shetani wa kiburi hatoki kwa kugongewa hodi. Giza lilipoingia magunia yakajaa mwaloni, nikaanza safari za kila siku, na petroli ikaanza kwisha hata kabla sijafika mjini. Ilikuwa inakwisha kuliko zamani! Nikazidisha maji. Nikazidisha magadi. Betri ikafa, nikasukumwa na akina mama wa dagaa, ikafa tena, wakanisukuma tena wakiwa wamenuna. Nikaenda kumgombeza muuza petroli mbele za watu kwamba anachanganya mafuta, maskini wa Mungu, mtu mwaminifu kabisa. Nimekwisha kumwomba radhi. Halafu nikasema labda ni dhambi yangu, nikafunga siku tatu. Siku ya nne gari likazimika mlimani, na mimi sina nguvu hata ya kufungua boneti.

Hapo Mungu akamtuma Mwalimu Wegesa. Huyu ni binti wa kanisa letu kule Bukima, anafundisha fizikia sekondari, ni mpole, haongei mpaka aulizwe. Alikuwa anapita kwa miguu kutoka shule. Akafungua boneti, akaitazama ile chupa, akaniuliza swali moja tu. "Mama, umeme wa kuyapasua haya maji unatoka wapi?"

Nikasema, "Kwenye betri, mwanangu."

"Na betri inachajiwa na nini?"

"Altaneta."

"Altaneta inazungushwa na nini?"

"Injini."

"Na injini inazungushwa na nini?"

Nikafungua mdomo niseme maji. Nilibaki mdomo wazi kama sato kwenye beseni.

Akakaa na mimi pale kwenye majani, akanieleza, na mimi nawaeleza ninyi kama alivyonieleza. Alisema, "Mama, ukishapika ugali, kuni zikaungua zote, unabaki na majivu. Kesho unaweza kupika kwa yale majivu?" Nikasema hapana. Akasema maji ndiyo majivu. Kuna hewa inaitwa haidrojeni, hiyo ndiyo inayoungua, ile iliyolia paa. Ikiungua na oksijeni inakuwa maji. Kwa hiyo maji ni kitu kilichokwisha kuungua zamani, moto wake umeshatoka. Ukitaka kuyarudisha yawe hewa ya kuungua, inabidi uyarudishie moto wote yaliyokwisha kuutoa, na huo unautoa kwenye umeme wa betri. Kisha ukiiunguza ile hewa, unapata kile kile ulichokiweka, tena kimepungua, kwa sababu kila mahali kinapopita kinapotea kidogo. Waya unapata joto, chupa inapata joto, injini inatoa joto. Hakuna pa kupata faida.

Nikamwuliza, maana mimi ni mbishi, "Hata kidogo tu haisaidii? Hata robo?" Akasema, "Inazidisha hasara, mama. Altaneta ikidaiwa umeme mwingi inakuwa nzito kuizungusha. Injini inaongeza nguvu, na nguvu yake ni petroli. Ndiyo maana siku hizi unaweka nyingi zaidi." Nikamtajia ile habari ya siri ya wenye mafuta. Akacheka kwa mara ya kwanza. "Mama, ziko nchi hazina tone la mafuta, zimezungukwa na bahari, zinatengeneza magari kila siku. Na zenyewe zimekubali kuficha?"

Hapo ndipo mwezi ulipoingia kichwani mwangu. Aliponiambia kwamba kupima ni kuangalia lita ngapi zimekwisha kwa safari ile ile na mzigo ule ule, nikapiga kelele, "Mbalamwezi! Mama yangu weee, ilikuwa mbalamwezi!" Mwalimu alidhani nimepandwa na pepo. La, pepo alikuwa anatoka!

Na kicheko hakikudumu, kwa sababu hapo hapo nilimkumbuka Magesa. Alikuwa amenipigia siku mbili kabla, ana furaha. Amepata mwenye pikapu. Chapa na Soda anawapeleka mnadani Bunda, siku ya mnada, na siku ya mnada ilikuwa kesho yake! Nikapiga simu. Haipatikani. Nikapiga tena na tena. Simu ya Magesa ikikosa chaji inaweza kukaa siku tatu, anasema inapumzika.

Ndugu zangu, wacha niwaambie ukweli wa moyo wangu, maana ushuhuda wa leo ni wa kweli tu. Kabla sijaamua kwenda, nilifikiri kutokwenda. Nilijua Mungu anasema nini, ila pia nilijua ninyi mtasema nini. Mama Nyangeta! Mama wa muujiza! Nilikuwa nimeanza kuitwa kutoa ushuhuda kwingine, hata kule ng'ambo ya Bunda. Nikajiambia, pengine pikapu ya Magesa itaenda tu, hata kwa petroli atapata riziki. Nikajidanganya hivyo kama saa nzima. Kisha nikauona uso wa mke wake na watoto sita, mvua imenyesha, udongo umeiva, na nyumba haina ng'ombe. Nikaomba kwa maneno machache. Nikasema, Bwana, wewe huhitaji uongo wangu ili uonekane mkubwa. Nikaamka alfajiri nikachaji betri kwa jirani, nikajaza petroli, petroli kamili, nikaondoka.

Nilipofika mnadani Bunda vumbi lilikuwa limeshasimama, ng'ombe wanalia kila upande. Nikamkuta Magesa kwenye uzio. Chapa na Soda wamefungwa nira yao kabisa, na mnyororo, ili mnunuzi aone kwamba wamefunzwa. Mnunuzi mwenyewe, mzee mmoja mrefu mwenye kofia ya sufu, alikuwa amemshika Soda pembe. Walikuwa wanapeana mikono! Nikapiga kelele, "Magesa, acha!"

Nikamweleza haraka haraka, natokwa jasho. Mnadhani alifurahi? Alininunia. Akasema, "Dada, wewe ulisimamaga mbele ya kanisa zima ukalia. Sasa mimi ndio zamu yangu, unasema haifanyi kazi?" Nikasema, nilikosea. Akasema, "Hujakosea. Unataka utoke kimaisha peke yako."

Maneno hayo yaliniumiza, na nilistahili. Nilijenga ule uongo kwa nguvu sana, sasa nilikuwa siwezi kuubomoa hata mimi mwenyewe. Nikaona hakuna namna. Nikasogeza gari katikati ya watu, nikafungua boneti. Madereva wa malori ya ng'ombe wakajaa, na wachuuzi, na akina mama wa chai. Nikasema kwa sauti hii hii, "Jamani, mimi nilishuhudia kanisani kwamba gari hili linatembea kwa maji. Injinia alisema petroli ni ya kuwashia tu. Haya! Naliwasha, likishapata moto nachomoa mpira wa petroli. Maji yamo, magadi yamo. Muone wenyewe."

Nikaliwasha. Likanguruma, likapata moto. Chupa ikatoa mapovu vizuri kabisa, kila mtu akayaona. Nikachomoa mpira wa petroli, nikaukunja, nikaufunga.

Na gari likaendelea kunguruma!

Watu wakapiga kelele, "Inakwenda! Inakwenda!" Magesa akanitazama kana kwamba amemkamata mwizi. Akageuka, akamnyooshea yule mzee kamba ya Soda. Na mimi, ndugu zangu, moyo ulinishtuka. Mwalimu alinieleza kwamba kwenye kabureta hubaki petroli kidogo, injini itaimaliza kwanza. Nilijua hivyo. Lakini kwa nukta zile chache nilitamani. Nasema mbele za Mungu, nilitamani iwe kweli! Nilitamani kurudi kwenu nikiwa shujaa.

Gari likakohoa. Likakohoa tena. Likatetemeka kama mtu mwenye malaria, likazimika.

Chupa bado ilikuwa inatoa mapovu. Hewa ipo, maji yapo, injini kimya! Magesa akanisukuma pembeni, akaingia ndani mwenyewe, akapiga stata. Akapiga tena. Akapiga mpaka stata ikawa inasema tik, tik, tik, na mapovu kwenye chupa yakakoma yenyewe, kwa sababu betri ilikuwa imekwisha. Hapo kila mtu aliyesimama pale aliona nani alikuwa analisha nani. Watu wakacheka. Walicheka sana, na mimi sikuwakataza.

Magesa alibaki ameshika usukani. Mimi nimesimama mlangoni. Akasema bila kunitazama, "Dada, si ungenyamaza tu. Ungebaki na heshima yako."

Nikasema, "Ningebaki nayo. Wewe ungebaki na nini?"

Akashuka. Akaenda kwa yule mzee, akavua kofia, akasema, "Baba, nisamehe, siuzi." Mzee hakukasirika. Alikuwa ameona kila kitu, na nadhani alikuwa hajacheka hivyo siku nyingi. Akairudisha kamba mkononi mwa Magesa kwa mikono miwili, kama mtu anavyomkabidhi mwenzake mtoto.

Sasa gari limezimika katikati ya mnada, betri imekufa, limeziba njia ya malori, watu wanapiga honi. Nikarudisha mpira wa petroli mahali pake, lakini stata haina nguvu. Nikasema jamani nisukumeni. Magesa akasema, "Hakuna kusukuma." Akawaleta Chapa na Soda vile vile na nira yao, akafunga mnyororo kwenye bampa, akaita kwa sauti ile ya shambani. Wale ng'ombe wakainamisha vichwa. Gari likaanza kutembea! Wala halikutembea kwa maji, lilitembea kwa majani waliyokula asubuhi! Nimekaa kwenye usukani navutwa na maksai kupita katikati ya mnada wa Bunda, akina mama wa chai wanapiga vigelegele, nami nacheka na kulia kwa pamoja. Tulipofika kwenye mteremko nikaachia klachi, petroli ikashika, gari likawaka.

Sifa na utukufu kwa Mungu! Hilo ndilo gari nililokuja nalo leo. Na Chapa na Soda wamelima shamba lote la bondeni mvua za kwanza zilipokuja, na mahindi ya Magesa sasa yanafika magotini. Yeye mwenyewe hakuja, anapalilia. Amenituma niseme hivyo, na nimesema.

Ndugu zangu, namshukuru Mungu kwa aibu ile. Namshukuru kwa Mwalimu Wegesa, ambaye hakunihubiria, aliniuliza tu. Injinia aliondoka Iringo na chupa zake, sijui yuko wapi, na simlaani. Yeye aliuza chupa, mimi nilimfanyia matangazo bure kwa jina la Yesu. Bwana wetu alipogeuza maji kule Kana hakumuuzia mtu chupa, na walioonja waliona ni divai kweli. Mwaminini Yeye bila kuogopa maswali. Mtu akikuletea muujiza, onja. Pima safari ile ile, mzigo ule ule. Kazi ya Mungu haikimbii kupimwa.

Namaliza. Najua humu ndani mna watu waliofunga hiyo chupa kwa sababu ya machozi yangu. Ndugu yangu wa Guta, mwenye bajaji, nimekuona umeinamisha kichwa. Inua kichwa, baba. Na wewe dada wa Iringo, na ninyi vijana wa pikipiki kule mlangoni. Najua mnavyoona aibu, mmewaambia wake zenu, mmewaambia majirani, mnaogopa kuchekwa. Nichekeni mimi! Mimi nimeshachekwa na mnada mzima wa Bunda, na bado nipo, na nakula, na nalala usingizi. Ibada ikiisha nitakuwa nje kwenye ule ukuta unaopigwa na jua, nimevaa gauni hili hili, nimekuja na spana namba kumi na koleo. Leteni vyombo vyenu mmoja mmoja. Sitamwuliza mtu swali. Mimi ndiye niliyewaambia mfunge, acheni mimi nifungue.